Mchuzi wa Kuku na Kipande cha Kioo

Kama kuna chakula Kinyozi alichojiapiza kutokipika tena, ni mchuzi mzito wa kuku na mboga za baridi. Mara ya mwisho aliupika msimu wa baridi uliopita. Sufuria lilijaa pomoni, viti vikapangwa sebuleni, na mtu aliyepikiwa hakutokea. Mchuzi ukalala jikoni mpaka mafuta yakaganda juu, kesho yake ukamwagwa. Tangu hapo Kinyozi alikula kuku wa kuchoma na wa kukaanga, lakini wa mchuzi alimkataa hata akikaribishwa kwa watu.

Leo alikuwa mbele ya jiko, mwiko mkononi, anaupika tena. Na safari hii alikuwa anampikia mwanamume mwingine.

"Ngozi iache ishike rangi," Shangazi alisema nyuma yake. "Mama yake Mhasibu ni mtu anayejua kula. Usije ukamwekea kuku mweupe kama wa wagonjwa."

"Nilijua kukaanga kuku kabla sijaanza kunyoa watu, Shangazi."

"Na huo mdomo leo ufungwe. Ufunguliwe kwa kutabasamu tu."

Kinyozi alimeza. Alikuwa amemeza mengi ya mwanamke huyu, kwa sababu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha, akamtetea mbele ya ukoo mzima alipotaka kujifunza kunyoa vichwa vya wanaume. Huwezi kumjibu ovyo mtu wa namna hiyo. Lakini kumeza nako kuna mwisho, na asubuhi ile koo lilikataa.

"Shangazi, mimi sijasema namtaka Mhasibu."

"Hujasema humtaki."

"Basi nasema sasa hivi. Simtaki."

Dirisha dogo la juu ya jiko lilikuwa wazi ili moshi wa mafuta utoke. Shangazi alilitazama, akatafuta kosa, akalipata. "Baridi yote hii, na wewe umefungua dirisha!" Akalivuta na kulibamiza kwa mikono miwili. Kioo kikapasuka paa! Vipande vikaruka juu ya meza, sakafuni, na upande wa pili kwenye roshani ya kuanikia nguo. Shangazi akajikung'uta sweta lake la sufi, lile lenye mikono mirefu ambayo siku zote aliikunja mara mbili, akalitazama dirisha kana kwamba limemtukana.

"Umeona ulichonifanya nifanye?" akasema. "Mimi nakwenda kusukwa. Nitamwambia mlinzi wa jengo atafute fundi, yeyote yule, alete kioo kabla wageni hawajafika. Wewe pika. Wageni wanakula hapa leo, na leo hii utawajibu. Ukiniaibisha mbele ya watu wale, usinihesabu tena kuwa ni shangazi yako."

Akaondoka. Kinyozi akabaki na maneno hayo ya mwisho kifuani, maana alijua Shangazi hasemi jambo la namna hiyo kwa mzaha.

Alifagia vipande, akaviweka kwenye sinia kuukuu pembeni ya meza. Upepo uliingia kwenye tundu la dirisha ukauzima moto wa jiko. Akawasha. Ukazima tena. Kuku alikuwa ameshika rangi, vitunguu vimelainika na kitunguu saumu kimeanza kunukia, na mchuzi wa namna hii hautaki moto wa kuwaka na kuzima. Unataka moto mdogo uliotulia, mpaka nyama ianze kuachia mfupa bila kulazimishwa. Kinyozi alisimama kati ya dirisha na jiko, mgongo wake ndio ukawa kioo, akaanza kumenya karoti akitetemeka.

Hodi ikapigwa.

"Ingia, fundi! Mlango uko wazi."

Fundi akaingia na kioo kilichofungwa kwa blanketi kwapani, na mfuko wa vifaa begani. Kinyozi aligeuka. Kisu kikamponyoka, kikaangukia maganda.

Alikuwa ni yeye. Fundi Vioo. Yule yule aliyepikiwa mchuzi msimu wa baridi uliopita.

Moyo wa Kinyozi ulipiga mapigo mawili ya furaha kabla hajauwahi. Mapigo hayo mawili ndiyo yaliyomkasirisha kuliko yote. Yaani baada ya aibu ile, baada ya majirani kuuliza "vipi, wageni wako walikuja?" kwa mwezi mzima, moyo ulikuwa bado haujui adabu!

Na yeye hakuwa amejiandaa, hilo lilionekana. Alisimama mlangoni, rangi imempotea, akamtazama usoni, akatazama dirisha, akatazama jiko. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa la kazi.

"Funika sufuria."

"Nini?"

"Kuna vioo humu. Sufuria liko wazi. Lifunike."

"Hata salamu hujatoa, umeshaanza kutoa amri. Jikoni kwangu napangiwa na wewe?"

"Kama ni jikoni kwako basi lifunike wewe mwenyewe."

Akalifunika, lakini kwa kishindo, mpaka mfuniko ukalia. "Nani amekuleta?"

"Mlinzi. Aliniambia ghorofa ya tatu. Nilidhani ni kwa yule mzee wa jirani." Akaweka kioo ukutani. "Ningejua ni hapa nisingepanda."

"Najua. Kupanda ngazi za jengo hili kunakushinda."

Fundi alifungua mfuko wake wa vifaa. Akavaa glavu, akaanza kung'oa mabaki ya kioo kwenye fremu, kimoja kimoja, akitandaza gazeti mezani na kuyapanga juu yake. Kinyozi alirudi kwenye karoti. Alizikata kwa nguvu kuliko karoti inavyohitaji, tak, tak, tak, na kila alipoinua macho alijikuta akitazama mikono ile. Kwenye kidole gumba cha kushoto kulikuwa na kovu alilolifunga yeye mwenyewe kwa kitambaa chake cha kunyolea, siku ile walipojuana. Alitamani lingekuwa limefutika.

"Tumia kitambaa chochote cha zamani kuziba dirisha kwa muda," Fundi alisema bila kugeuka. "Moto usizime."

"Nitaziba nikitaka."

Alingoja kidogo, asionekane ametii, kisha akaziba. Moto ukatulia. Akafunua mfuniko kwa upande, akatia karoti na viazi, akamwaga maji ya moto mpaka yakafunika nyama, akafunika haraka. Harufu ilishajaa jikoni, ile harufu inayomfanya mtu aliyetoka barabarani avue koti bila kuambiwa. Fundi aliinusa. Bega lake lilisimama kidogo.

"Ni ule mchuzi," akasema.

"Ni mchuzi. Haukuandikwa jina la mtu."

"Wa nani?"

"Wa mwanamume aliyesema atakuja leo na mama yake. Ana kazi ya mahesabu, ana saa mkononi, na anajua maana ya ahadi."

"Hongera."

"Asante."

"Basi mwekee majani ya selari kidogo mwisho mwisho. Wewe huwa unaiwahisha, inapoteza ladha."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Kinyozi alitupa kisu kwenye kibao cha kukatia, akamgeukia mzima mzima, mikono kiunoni.

"Una uso gani wewe? Uso wa nini huo? Niliwapikia wazee wako. Nilivaa, nikakaa kwenye dirisha la sebuleni nikitazama barabara mpaka watu wakaanza kuwasha taa. Hukuja. Hukutuma mtu. Nilikupigia simu, ukaacha iite. Leo unakuja kunifundisha selari?"

"Sikuja?" Fundi naye aligeuka, kipande cha kioo mkononi. "Nani alikwambia sikuja? Nilikuja na baba mdogo na mjomba, tumevaa suti, tumebeba zawadi! Shangazi yako alitukuta pale chini kwenye ngazi. Akasema umemtuma."

"Nimemtuma nini?"

"Kwamba umebadilisha mawazo. Kwamba hutaki kukaa maisha yako yote ukimfunga mume vidole vilivyokatika. Kwamba una aibu kutuambia, tuondoke bila kelele tusikuumbue mbele ya majirani."

 Mchuzi tu ndio ulikuwa ukisema, buku buku, chini ya mfuniko.

Kinyozi akashika ukingo wa meza. Akamwona Shangazi akiteremka ngazi siku ile, akisema anakwenda kutazama kama wageni wamepotea njia. Akamwona akirudi, akivuta kiti, akimbembeleza: "Usilie mwanangu, mafundi wa vibanda ndivyo walivyo." Na yeye akamlilia mapajani. Alilia mapajani mwa yule yule aliyewafukuza!

"Sikumtuma," alisema taratibu. "Sikusema hata neno moja la hayo."

Sura ya Fundi ilibadilika. Kuna tumaini fulani lililomjia machoni, la haraka, kama la mtu aliyesamehewa. Akapiga hatua moja mbele. "Basi kumbe wote wawili tulidanganywa..."

"Rudi nyuma."

"Lakini..."

"Nimesema rudi nyuma! Usijiunge na mimi. Mimi nilidanganywa nikiwa ndani, nakungoja. Wewe ulidanganywa ukiwa chini ya ngazi, na juu nilikuwepo. Ghorofa tatu, Fundi! Ulishindwa kupanda uje unitazame usoni uniulize?"

"Nilikuwa na wazee. Waliona aibu."

"Na kesho yake? Na wiki iliyofuata? Nilipokupigia?"

"Nilidhani unataka kujieleza. Sikutaka kusikia ukinikataa kwa sauti yako." Aliinamisha kichwa. "Niliumia."

"Na mimi nilicheka, siyo?"

 Fundi akageukia gazeti lake, maana kazi haikuwa imekwisha. Alitoka kwenye roshani, akainama chini ya kamba za nguo, akarudi na vipande vya huko. Akachukua na vile vya kwenye sinia. Kinyozi aliijua tabia hii. Fundi Vioo haondoki kwenye nyumba ya mtu kabla hajakiunganisha upya kioo kilichovunjika, kipande kwa kipande juu ya gazeti, mpaka kitimie pembe zote nne. Wenzake walimcheka kwa hilo. Lakini aliwahi kuona mtoto wa mteja akitokwa damu mdomoni kwa kipande kilichosahaulika kwenye bakuli la uji, na tangu hapo hakubali kuondoka kwa kukisia.

Alipanga. Akageuza, akapanga tena. Akapiga magoti, akamulika chini ya jiko kwa tochi ya simu. Akasimama, uso umekunjamana.

"Kimoja hakipo."

"Kipi?"

Alionyesha. Kioo kilikuwa kimetimia juu ya gazeti, ila karibu na katikati palikuwa na pengo lenye ncha, dogo, saizi ya ukucha wa kidole gumba.

"Kilipovunjika, sufuria lilikuwa wapi?"

"Juu ya jiko. Nilikuwa nakaanga kuku."

"Limefunikwa?"

Kinyozi alitikisa kichwa. Wote wawili wakatazama sufuria.

"Mchuzi huu usiliwe," Fundi alisema.

Kinyozi akacheka, kicheko kikavu kisicho na raha ndani yake. "Ahaa. Wageni wa posa wako njiani, na ghafla mchuzi wao una kioo. Unafikiri mimi ni mtoto?"

"Unafikiri naweza kukufanyia hivyo?"

"Sijui unachoweza. Siku ile nilidhani nakujua."

"Kwenye mengine nitukane. Kwenye hili njoo utazame mwenyewe."

Alikuja. Alisimama karibu naye, karibu mno, akasikia ile harufu ya puti ya kubandikia vioo aliyoizoea. Akatazama kila ufa kwenye gazeti, akahamisha vipande kwa ncha ya kisu, akatafuta udanganyifu kwa bidii kabisa, kwa sababu alitaka kuupata. Hakuupata. Pengo lilikuwa pengo.

Kisha kitu kikampanda kooni, na safari hii hakukimeza.

"Kioo cha watu unakiunganisha kipande kwa kipande," alisema. "Kikikosekana kimoja tu unapiga magoti kwenye sakafu ya mtu, unakitafuta. Mimi ulisikia neno moja chini ya ngazi, ukaliamini, ukaenda zako. Hukuja kutafuta kilichokosekana. Kioo cha dirisha kina thamani kuliko mimi?"

Fundi Vioo alimtazama. Macho yalimjaa maji, na hakuyaficha. Alitaka kusema, lakini sauti za watu zilikuwa zinapanda ngazi, na ya Shangazi ilikuwa juu ya zote.

"Karibuni, karibuni! Hapa ndipo kwetu. Mnasikia harufu hiyo? Mtoto ana mkono, nawaambieni!"

Shangazi aliingia jikoni peke yake kwanza, kichwa kimesukwa kikasukika, tabasamu la wageni bado liko usoni. Alipomwona fundi, tabasamu likafa.

"Wewe! Mlinzi gani mpumbavu ameniletea huyu?"

"Ulisema fundi yeyote, Shangazi," Kinyozi alisema. "Ameniambia ulichowaambia pale chini ya ngazi."

Shangazi hakukana, wala hakushtuka kama Kinyozi alivyotarajia. Alishusha tu sauti, ikawa kali na nyembamba. "Nilifanya. Na ningerudia. Nimekulea ili ukafagie vioo kwenye kibanda cha mtu? Nilitaka ule ushibe, ulale mahali pasipovuja. Tutagombana jioni. Sasa pakua."

"Kuna kipande cha kioo hakijaonekana. Huenda kimo ndani ya sufuria."

"Nani kasema?"

"Yeye."

"Basi hakimo!" Shangazi alishika vishikio vya sufuria kwa matambara, akaliinua. "Wewe fundi, malizia dirisha uondoke kimya kimya kama ulivyozoea."

Sebuleni, Mhasibu alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, tai imembana, akisugua mikono kwa baridi. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Kinyozi hakuwa na ubaya naye. Mama yake, mwanamke mnene mwenye macho makini, alikuwa ameshavua koti na kulikalia. Shangazi aliweka sufuria katikati ya meza, akapanga sahani, akimwaga sifa bila kituo.

Kinyozi alisimama mlangoni mwa jikoni. Nyuma yake upepo uliupiga mgongo wake kupitia dirisha ambalo Fundi alikuwa ameshalitoa kitambaa, bado bila kioo. Mbele yake alikaa mama wa watu, kijiko tayari mkononi. Angenyamaza, labda wangekula salama, na Shangazi angebaki kuwa Shangazi. Angesema, angekuwa amelichukua neno la mwanamume aliyemwacha kwenye mataa, akaliweka juu ya la mwanamke aliyemlea. Alimchukia Fundi kwa moyo wake wote dakika ile. Na alijua, vile vile kwa moyo wake wote, kwamba Fundi hadanganyi kuhusu kioo.

"Msile," akasema.

Mama Mhasibu aliinua kichwa. "Samahani?"

"Msile, mama. Leo asubuhi dirisha lilivunjika sufuria likiwa wazi. Fundi amekusanya vipande, kimoja hakipo. Sina uhakika kama mchuzi ni salama."

"Mtoto ana mzaha!" Shangazi alicheka kwa nguvu. "Ana aibu tu, si unajua mabinti. Hakuna kioo humu. Haya, nitaanza mimi, mnione."

Akasogeza sahani tupu mbele yake, akaushika mfuniko. Mfuniko ulikuwa wa moto, na matambara alikuwa ameyarudisha jikoni alipofuata sahani. Basi akaukunjua mkono wa sweta lake, ule aliouzoea kuukunja mara mbili, ili aushikie.

Ting!

Kitu kilidondoka kwenye sahani, kikazunguka, kikatulia. Kilikuwa na ncha, kilimeta, na ukubwa wake ulikuwa wa ukucha wa kidole gumba.

 Fundi Vioo alitoka jikoni, akakiokota kwa glavu, akarudi nacho. Walimsikia akikiweka kwenye gazeti. "Kimetimia," alisema kutoka kule, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu wa kazi. "Mchuzi ni salama. Mnaweza kula."

Shangazi alikaa. Alikuwa bado ameushika mkono wa sweta lake uliokunjuka, anautazama. 

Mama Mhasibu alimtazama Shangazi, akamtazama Kinyozi, kisha akatazama mlango wa jikoni.

"Huyu fundi," akauliza, "ni nani kwako?"

"Ndiye niliyempikia mchuzi huu mara ya kwanza. Hakuufikia."

"Unampenda?"

"Leo namchukia kuliko mtu yeyote chini ya jua, mama."

"Mh," alisema mama yule, mtu mzima aliyekwisha kuona mambo. Akamgeukia mwanawe. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama." Mhasibu alilegeza tai, akashusha pumzi ndefu, na kwa kweli alionekana kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Mimi nilikwambia tangu nyumbani tusiharakishe."

"Basi posa hakuna, yamekwisha." Mama Mhasibu akasogeza sahani nyingine, safi. "Lakini tumetoka mbali na baridi hii, na kuku huyu ananukia. Binti, ulisema ni salama au si salama?"

"Sasa ni salama."

"Basi nipakulie. Na mguu mmoja usinisahau."

Kinyozi alipakua. Nyama iliachia mfupa bila kulazimishwa, viazi vimevunjika pembeni na kuufanya mchuzi uwe mzito, karoti laini lakini nzima. Selari alikuwa ameisahau kabisa, na wageni hawakuiulizia. Walikula wakipuliza vijiko, mashavu yakaanza kupata joto. Alimwekea Shangazi sahani pia. Shangazi hakuigusa kwa muda mrefu, kisha akachukua kijiko, akala kidogo kidogo, machozi yakimdondokea humo humo. Kinyozi hakumbembeleza. Siku ya kumbembeleza ingekuja, ila haikuwa leo.

Fundi Vioo alimaliza kioo. Akapita sebuleni na mfuko wake begani na blanketi mkononi, akasimama mbele ya Kinyozi. Macho yake yalikwenda kwenye sufuria, yakarudi.

"Dirisha limekaa. Usiliguse mpaka puti ikauke."

"Nimesikia."

"Kuhusu lile uliloniuliza jikoni..."

"Wewe huli hapa leo," Kinyozi alimkatiza. "Kama ndicho unachongoja."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Alisikika akishuka ngazi, polepole, vifaa vikigongana mfukoni. Kinyozi aliingia jikoni asionekane uso. Moto wa jiko ulikuwa umetulia, mdogo na wa buluu. Kioo kipya kilikuwa safi kiasi kwamba alinyoosha mkono kujua kama kipo, akaurudisha alipokumbuka puti. Kupitia hapo, chini kabisa, alimwona Fundi akitokeza barabarani. Akamwona amesimama. Kofia ameivaa, ameivua. Akaweka mfuko wa vifaa chini, kwenye kibanda cha mlinzi, akageuka akapotea ndani ya jengo.

Kinyozi alisikia nyayo kabla hajajiruhusu kuzisikia. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Zilikuwa zinakimbia. Alifika mlangoni kabla hodi haijapigwa, akaufungua, na mwanamume yule alikuwa pale, pumzi zinamwenda mbio, mikono mitupu, bila wazee, bila zawadi, bila kazi ya kumleta.

"Nimepanda," alisema akihema. "Nimekuja kuuliza. Nilipaswa kuuliza siku ile. Uliniambia nisipande? Ulisema hunitaki?"

Sebuleni vijiko vilinyamaza. Kinyozi alimtazama kwa jicho lile lile la hasira, maana halikuwa limepoa hata kidogo, na alitaka alione.

"Hapana," akajibu. "Sikusema. Sasa ingia ufunge mlango, baridi inaingia."